Kinyozi wa Msituni

Watu wakisikia nilikuwa mlinzi wa msitu Amani, kule Usambara Mashariki, huniuliza habari za nyoka. Nyoka wapo, na vinyonga wa pembe tatu wapo, lakini hao ni wenyeji. Kuwakuta kwao si ajabu. Vilivyonisimamisha njiani kwa mshangao vilikuwa vya binadamu.

Kazi ile hukuzoesha kuutilia shaka mstari ulionyooka. Unafyeka vichaka ukifuata mpaka, mara unaikuta mikafuri imejipanga kama askari wa gwaride. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia: mikwinini, mipira, na mingine ambayo hata wazee wetu hawakuipa jina. Mashamba mengine ya majaribio yalitelekezwa, msitu ukayameza. Kati ya miti hiyo ya kuletwa, msizi ndio uliokataa kumezwa. Hondohondo hula tunda lake na kuzidondosha mbegu mbali, hivyo ukiuona pasipo safu yoyote, usimtafute mpandaji ardhini.

Iliki ni kinyume chake. Hupenda kivuli cha miti mikubwa, na ukiikuta imepaliliwa, ujue mwenyewe yuko karibu na anakuchungulia. Mashimo ya kupasulia mbao nayo yalikuwa mengi: mtu mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, msumeno katikati. Unga wa mbao ukiwa bado mweupe, tulikuwa tukinyamaza na kuchutama.

Lakini hakuna siku iliyonishinda kama ile ya kinyozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivuma habari ya dhahabu kwenye vijito vya milima ile, wakamiminika vijana wenye sululu na makarai. Tulitumwa kuangalia. Nilitarajia mashimo, na mashimo yalikuwepo, na maji ya kijito yamegeuka uji wa udongo. Sikutarajia mtaa. Mama mmoja alikuwa anachoma maandazi. Kulikuwa na meza ya betri na sigara. Na chini ya mti mkubwa, kioo kimetundikwa kwenye msumari, kijana ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka shingoni, ananyolewa kwa mkasi.

Kinyozi aliniona na sare yangu, hakukimbia.

"Shikamoo, afande. Kaa kidogo, nimmalizie huyu."

Nikaitikia marahaba. Niseme nini tena? Huwezi kumfukuza mtu mwenye kichwa nusu. Nikakaa. Akanieleza kwamba shimoni hajawahi kuingia hata mara moja; dhahabu, alisema, iko vichwani mwa wanaochimba. Kati ya wote niliowakuta pale, nadhani yeye ndiye aliyekuwa na hesabu nzuri.

Baadaye amri ikatoka, wakaondolewa. Vijito vilichukua muda kurudi kuwa maji. Makovu ya mashimo hayakujifukia yenyewe. Makarai na sululu tulizipeleka ofisini kama vielelezo. Kioo hakuna aliyekidai, wala hakikuwa kielelezo cha kosa lolote tunalolijua, basi tukakipigilia msumari nyuma ya kambi, tukawa tunanyolea ndevu.