Steringi Ana Uso, Wenzake Je?

Wapo wanaoamini kwamba kugeuza hadithi kuwa katuni ni kazi ya kivivu. Eti hadithi ipo, maneno yapo, wewe chora tu. Mimi nakataa. Mchoraji ndiye msomaji mkali kuliko sisi wote, maana yeye hana ruhusa ya kuruka. Mwandishi anaweza kusema "wakaja askari kumi" akaendelea na safari yake. Mchoraji itabidi awalete wote kumi: huyu mnene, yule bado kijana, mmoja ana kovu, mwingine anatetemeka. Hapo ndipo uvivu wa mwandishi unapoanikwa juani.

Hebu tumchukue Conan. Jamaa huyu wa mapanga alitungwa na Robert E. Howard wa Texas, Marekani, na hadithi zake zilianza kutoka katika jarida la Weird Tales mwaka 1932. Howard alifariki mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu. Mwaka 1970 kampuni ya Marvel ikaanza kutoa Conan the Barbarian, mwandishi akiwa Roy Thomas na mchoraji Barry Smith, kijana kutoka Uingereza. Mfululizo huo ulifika matoleo 275, ukakoma mwaka 1993.

Kwa anayejifunza kuandika, toleo la 4 la mwaka 1971 ni shule tosha. Ndilo lenye "The Tower of the Elephant", hadithi ambayo Howard aliitoa mwaka 1933. Conan anapanda mnara wa mchawi Yara usiku ili aibe kito. Juu kule anakuta kiumbe chenye kichwa cha tembo, kipofu, mwili umevunjwavunjwa kwa mateso. Mwizi anasahau wizi wake, anaingiwa na huruma. Howard ana sentensi za kutuambia huzuni hiyo. Smith, ambaye hata miaka 22 alikuwa hajatimiza, alikuwa na wino na uso wa Conan. Picha haiwezi kukuambia kwamba mtu ana huruma. Lazima uione mwenyewe. Nikisoma hadithi kisha katuni, huwa najiuliza: kati ya sentensi zangu, ngapi zingebaki na kitu kama mchoraji angezigeuza picha? Jibu halifurahishi sana, lakini linasaidia.

Sasa tuje kwenye hadithi inayonikereketa. "Queen of the Black Coast" ilitoka mwaka 1934. Conan anakimbia sheria, anarukia merikebu inayokwenda pwani ya Kush. Njiani wanavamiwa na maharamia weusi wanaoongozwa na Bêlit, mwanamke mweupe ambaye watu wake wanamwona kama mungu. Mabaharia wote wanauawa, Conan peke yake anabaki, na hapo hapo mapenzi yanaanza. Miaka yao ya uharamia Howard anaimaliza kwa sentensi chache, kisha anawaingiza katika mto wenye mauti. Bêlit anakufa. Na wale maharamia? Wanakufa pia, kwa makundi, karibu wote bila majina. Steringi anabaki kulia, nasi tunatakiwa tumlilie mpenzi wake tu.

Kush, ndugu msomaji, ni jina la ufalme wa kweli uliokuwa katika Sudani ya leo. Howard hakuwahi kufika Afrika. Alilichukua jina, akalijaza watu wa kuogopwa au wa kufa. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kusema kweli ni hadithi nzuri, inakimbia kama moto wa nyikani. Ndiyo maana inauma. Kitabu kibaya unakitupa, basi. Kitabu kizuri kinachokuhesabu wewe kama umati, utakifanyaje?

Roy Thomas aliiona ile nafasi ya wazi. Zile sentensi chache za Howard yeye alizitandaza kuanzia toleo la 58 la mwaka 1975 mpaka la 100 la mwaka 1978, akiwa na mchoraji John Buscema. Zaidi ya miaka mitatu! Bêlit akapata utoto, akapata baba aliyekuwa mfalme na kunyang'anywa kiti. Alipokufa, wasomaji walikuwa wameishi naye. Na kwa kuwa merikebu ilibidi ichorwe kila mwezi, mabaharia wake nao ilibidi wawe na nyuso. Lakini nyuso si maisha. Wengi wao waliendelea kuwa watu wa mikuki nyuma ya steringi, na nafasi aliyoijaza Thomas ilikuwa ya Bêlit, haikuwa yao. Mchoro ulilifichua lile pengo, ila haukuliziba.

Aliyeamua kuliziba alikuwa msomaji. Charles Saunders, mwandishi Mweusi aliyezaliwa Marekani mwaka 1946 na kuhamia Kanada, alizipenda hadithi za aina hii na kuchukizwa na picha ya mtu mweusi ndani yake. Katika miaka ya 1970 akaanza kumtunga Imaro, shujaa aliyelelewa na Ilyassai, wafugaji wapiganaji walioundwa kwa mfano wa Wamasai. Bara lake la kubuni alilipa jina la Kiswahili: Nyumbani. Pwani ambayo Howard aliitazama kutoka melini, mwenzake aliiita Nyumbani. Neno moja tu, na kamera imehama kutoka baharini ikaingia uani.

Na unajua Imaro alianzia wapi? Si kwa kampuni kubwa. Alianzia katika Dark Fantasy, kijarida kidogo cha Kanada kilichochapishwa na Gene Day, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji wa katuni. Kitabu kilikuja baadaye, mwaka 1981. Saunders alifariki mwaka 2020.

Kwa hiyo tunaposema "tuchore hadithi za kale", tusiishie kunakili mapanga na misuli. Chukua hadithi unayoipenda, itafute ile sentensi ambamo watu wengi wanapita kwa mkupuo: watumwa, wapagazi, wanakijiji, askari. Simama hapo. Chagua mmoja, mpe uso, halafu usiishie usoni: mpe jina, mpe anachokitaka, mpe mtu anayemngoja arudi. Pengine hadithi nzima itageuka, na steringi wa zamani atajikuta amekuwa mpita njia katika kisanduku cha pembeni. Wala hatakufa kwa hilo. Ameshapata matoleo 275.