Kompyuta ya Chumba cha Nyuma

Mwaka 2007 Mpanda ilikuwa bado mji wa wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa, na karibu kila kitu kizito kiliingia kwa reli. Kompyuta nazo zilikuja hivyo hivyo: Dar es Salaam mpaka Tabora, Tabora mpaka Kaliua, kisha ule mkono wa reli wa kama kilomita 210 uliojengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikwisha kufungwa zamani, reli ikabaki kubeba tumbaku, mahindi, abiria na mtumba wa kila namna. Mjomba wangu alishusha pale stesheni maboksi ya kompyuta za mtumba alizozinunua Kariakoo, skrini za chogo zimeviringishwa kwenye magodoro zisije zikapasuka njiani. Alikuwa na steshenari Makanyagio, hapo hapo mjini. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma Dar, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwa fundi wa familia.

Zilikuwa mashine zilizochoka. Memori ya megabaiti 64, nyingine 128, na diski zilizokuwa zikilia ukiziwasha. Windows XP ilipanda juu yake kwa kuhema, na ukiongeza kizuia virusi mashine ilikuwa imekwisha. Bila hicho kizuizi nako hukai, kwa sababu kila mteja aliingia na flashi yake, na kila flashi ilikuwa na virusi vyake. Unaifungua, mafaili yote yamegeuka shotikati. Kazi zenyewe hazikuwa za mzaha: mitihani ya shule za msingi, hesabu za vyama vya tumbaku, katiba za vikundi, risala kwa mgeni rasmi, kadi za michango ya harusi, na barua ndefu za watu wa Katumba, makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, ambao miaka ile walikuwa kwenye maombi ya uraia na kila karatasi kwao ilikuwa na uzito wake. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba barua yake imeliwa na kirusi.

Wakati huo kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, yule bwana wa Afrika Kusini, ilikuwa inatuma bure duniani kote CD za Ubuntu, mfumo wa Linux unaokaa mahali pa Windows. Huduma hiyo waliiita ShipIt, na ilidumu mpaka 2011. Ulijaza anwani, ukasubiri wiki kadhaa, bahasha ikaingia kwenye sanduku la posta bila wewe kulipia hata stempu. Mpanda zilifika. Pamoja nazo ilikuja Edubuntu, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule, na ndani yake mlikuwa na LTSP, mpango wa kuziwasha kompyuta zisizo na diski kupitia waya wa mtandao. Hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Uti wa mgongo wa mambo yale ulikuwa kitu kiitwacho X Window System, au X tu. Kilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys. Chuo kilikuwa na mradi wa kuwapa wanafunzi kompyuta, Project Athena, lakini mashine zilitoka kwa watengenezaji tofauti na hazikuelewana. Wakatafuta namna ya programu kufanya kazi kwenye mashine moja na dirisha lake kuonekana kwenye nyingine, yoyote ile. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na mpaka leo hakuna la 12. Programu yenyewe ya X, iitwayo seva, hukaa kwenye meza ya mtumiaji. Inashika skrini, kibodi na mausi. Programu nyingine, iwe iko hapo hapo au iko ng'ambo ya waya, inaiomba: nichoree dirisha hapa, andika maneno haya, niambie mtu akibonyeza. Ramani yake iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo yeyote anaweza kuijenga kwa mashine yake. Kwenye Linux tulikuwa tunatumia ile ya X.Org, iliyojitenga na mradi wa XFree86 mwaka 2004 baada ya ugomvi wa leseni.

Nilipomweleza mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sasa, mwanangu, barua ya mteja inaandikwa wapi? Hapa mbele au kule nyuma?"

"Kule nyuma, mjomba. Hapa mbele inaonekana tu."

Akafikiri. "Basi ni kama kwa mama ntilie. Jiko moja nyuma, sahani mezani."

Tangu siku hiyo aliwaeleza wateja hivyo, na sijapata kusikia mwalimu wa chuo aliyelieleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Tulinunua kompyuta moja ya maana, yenye memori ya gigabaiti 2, tukaiweka chumba cha nyuma kwenye meza ya saruji. Zile chovu tukazing'oa diski, tukazifunga kwenye swichi ya mtandao, tukaziacha ziwe macho na vidole tu. Ghafla mashine ya megabaiti 64 ikawa inafungua OpenOffice, programu ya kuandikia, kwa sekunde chache, kwa sababu si yenyewe iliyokuwa inaifungua. Tuliwawekea wateja Jambo OpenOffice, ile ya menyu za Kiswahili iliyotolewa mwishoni mwa 2004 na mradi wa Kilinux kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana waliosoma kozi ya kompyuta mjini waliicheka. Wazee walioshika kibodi kwa mara ya kwanza hawakucheka.

Mashine mbili tuliziacha na Windows XP. Kulikuwa na printa moja isiyotaka habari za Linux, na kulikuwa na wateja walioapa hawagusi kitu wasichokizoea. Humo niliweka Xming, seva ya X ya Colin Harrison kwa ajili ya Windows. Toleo lake la bure, 6.9.0.31, lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye flashi yoyote. Ukibonyeza, hakuna kinachobadilika. Lakini ukiita programu kutoka chumba cha nyuma, dirisha la GIMP, programu ya picha ya Linux, linatokea kando ya dirisha la Windows, unalikokota kwa mausi, unalipunguza, linashuka chini pamoja na mengine. Mwalimu mmoja wa sekondari alitengeneza picha za mahafali kwenye GIMP muhula mzima akiamini yuko kwenye Windows. Sikuona sababu ya kumsumbua. Na virusi vya flashi vilipofika kwenye Linux vilikaa kama mgeni asiyejua lugha: vinaonekana, vinafutwa.

Umeme ndio uliokuwa kipimo chetu. Mpanda haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafiri mbali. Tulikuwa na UPS moja tu, tukaipa kompyuta ya nyuma. Hapo X ilionyesha ukali wake: skrini ikizimika, programu iliyokuwa ikichorwa hapo hufa nayo, hata kama mashine inayoiendesha iko hai. Kwa hiyo umeme ukikatika mteja alipoteza sentensi mbili tatu za mwisho. Lakini faili lake lilikuwa kwenye diski ambayo haijazimika, na OpenOffice ina utaratibu wa kuokoa kazi iliyokatizwa. Umeme ukirudi mtu anakaa meza yoyote iliyo wazi na kukuta barua yake. Wateja walilipenda hilo kuliko kitu kingine chochote. "Ile barua yangu ya jana iko kwenye kompyuta ipi?" Zote.

X ina udhaifu mmoja unaoeleza mengi yaliyokuja baadaye. Ni ya maswali mengi. Programu inauliza, inajibiwa, inauliza tena, hata kwa kufungua menyu moja. Juu ya waya wa mita 20 hilo halionekani. Lakini intaneti ya Mpanda wakati ule ilipita kwenye dishi, na setilaiti za namna hiyo ziko juu kama kilomita 36,000. Swali kwenda na jibu kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Zidisha kwa maswali mamia, menyu moja inakuchosha. Kuendesha kwa X programu iliyoko Dar kulikuwa mateso. Maana yake ni kwamba X ilitulazimisha kuwa na mashine karibu. Jiko lilibidi liwe letu.

Machi 2012 Katavi ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu. Ofisi zikafunguliwa, maofisa wakahamia na laptopu zao, nyumba za kupanga zikapanda bei Kashaulili hadi Nsemulwa. Kwa steshenari ilikuwa neema. Laptopu ina betri, ina nguvu zake, haihitaji chumba cha nyuma. Skrini za chogo zikaanza kutolewa moja moja, na aliyezichukua alikuwa fundi wa redio. Baadaye mkongo na minara ya simu vikaifanya intaneti iwe kitu cha kawaida, na kazi yenyewe ya steshenari ikabadilika umbo. Leo mteja haji kuandikiwa barua. Anakuja kuomba mkopo wa chuo wa HESLB, kutafuta namba ya kitambulisho ya NIDA, kuangalia matokeo ya mtihani ya NECTA, kujaza maombi kwenye mfumo wa ajira, kulipia leseni ya biashara. Yote hayo yanafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari kina uvumilivu ambao X haikuwa nao: kinapokea ukurasa mzima kwa mkupuo na kufanya sehemu ya kazi hapo hapo, hivyo umbali hakiuogopi.

Tunasema teknolojia ile imepitwa na wakati. Ukiangalia vizuri, duka la leo linafanya kile kile. Skrini ya mbele ni dirisha, kazi inafanyika kwingine. Ila kwingine huko si chumba cha nyuma tena. Ni Dar, Dodoma, Afrika Kusini, Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikabaki inatambaa. Mpanda umeme ulikuwepo, kompyuta zote zilikuwa nzima, zenye nguvu kuliko zetu za 2007 mara kumi, na wateja walikaa kwenye benchi wakiangalia kiduara kinachozunguka. Mjomba, ambaye sasa ni mzee wa kupokea shikamoo za mji mzima, alipita na kuuliza jiko liko wapi siku hizi.

X yenyewe inaaga polepole. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland ichukue nafasi yake, nyepesi na salama zaidi. Kwa upande wa usalama sina ubishi: kwenye X, programu yoyote iliyokubaliwa kwenye skrini yako inaweza kusoma kila unachobonyeza kwa programu nyingine, na nikikumbuka nywila za Yahoo zilizochapwa dukani kwetu nakubali kwamba mlango ule ulikuwa wazi mno. Lakini Wayland ilizaliwa ikidhani programu na skrini viko kwenye mashine moja. Kazi ya kuvuka waya ikaachiwa watu wa pembeni, kama waliotengeneza waypipe. Red Hat Enterprise Linux 10 ya mwaka 2025 imeondoa seva ya Xorg, Ubuntu 25.10 ya Oktoba mwaka huo nayo haina tena mazingira ya GNOME yanayokaa juu ya X. Programu za zamani zinahudumiwa na Xwayland, inayokaa katikati kama mkalimani. Na Microsoft, ambao zamani hawakutaka kusikia habari hizi, tangu 2021 wana WSLg: madirisha ya Linux yanafunguka ndani ya Windows bila kuongeza seva ya X ya pembeni. Kile ambacho mwalimu wetu wa GIMP alikuwa anakifanya Makanyagio bila kujua sasa kinatoka kwa Microsoft wenyewe.

Sitaki kuzirembesha siku zile. Kuwasha mashine kwa mtandao asubuhi kulikuwa na kelele, swichi ikiungua duka zima linafunga, na mashine ya nyuma ikipata homa hakuna anayefanya kazi. Fomu ya HESLB kwenye kivinjari ni bora kuliko safari ya Dar na bahasha mkononi, na anayebisha hakuwahi kupanda treni ile. Ninachosema ni kwamba tulihama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine kana kwamba ilikuwa lazima tuutupe wa kwanza. Haikuwa lazima. Barua, mitihani, hesabu za chama na picha za mahafali hazina shughuli yoyote Ulaya.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wakuu wa wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika wenye kompyuta za msaada zilizofungiwa stoo kwa sababu ni nzito au hazina diski. LTSP bado ipo, iliandikwa upya mwaka 2019, na bado ni ya bure. Haitaiwasha tena mashine ya megabaiti 64, lakini yenye gigabaiti 2 itaiwasha vizuri. Tafuteni kijana fundi, kompyuta moja yenye nguvu, swichi na waya, mjaribu kabla hamjawaita wanunuzi wa vyuma chakavu.