Mama wa Mahamri

Mimi ni mama mboga Kawangware, ila nyumbani ni Kibera, Gatwekera. Kando ya kibanda changu alikaa mama mmoja wa Kilifi, akipika mahamri. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na matende. Kila mtu aliyasifu mahamri yake, lakini mimi sikuyanunua. Niliogopa kuambukizwa, na wateja wangu niliwanong'oneza vivyo hivyo. Sikujua kwamba matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, wala hayashiki kwa kugusana wala kwa chakula.

Kisha nikapatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa bado changa, namshukuru Mungu. Nilitolewa kizazi pamoja na tezi za limfu za nyonga, maana saratani hiyo ikienea hupenda kupitia hapo. Kidonda kilipona. Nikashuhudia kanisani kwamba yamekwisha.

Miezi ikapita. Jioni moja kiatu cha kulia kikakataa kuingia. Nikadhani ni kusimama sana. Baadaye paja likawa zito, ngozi ikakaza, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Zile tezi ndizo zilizokuwa njia ya maji ya mguu kurudi mwilini. Zilipoondolewa, maji yakatuama. Kwa wengine uvimbe huanza hata baada ya miaka. Mimi niliamua tu kwamba yule mama ameniambukiza. Nikavaa dera refu, nikaacha kumsalimia.

Siku moja nilijikwaruza kwa bati huko Kibera, na kesho yake mguu ukawa mwekundu, unawaka, mwili wote unatetemeka kwa homa. Mama wa mahamri ndiye aliyeniona kibandani. Aliacha mafuta jikoni, akanipakia kwenye boda boda, na zahanatini akalipa yeye. Nikapewa antibiotiki, nikaelekezwa kwa fiziotherapia. Huko nilifundishwa kufunga bendeji ya kubana kuanzia vidoleni kupanda juu, na mazoezi ya kuusukuma uvimbe. (Soksi zenyewe za kubana ni ghali, bendeji hufuliwa na kutumika tena.)

Lakini kuosha mguu nilifundishwa na mama wa mahamri: sabuni na maji safi, kukausha vizuri katikati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke vijidudu vikaingia. Alifundishwa na wahudumu wa afya kwao Pwani. Siku ya kwanza niliona haya, nikaanza kuomba msamaha. Alikuwa anajua nilichomsema, tangu zamani. "Lete mguu, mwanangu," akanikatiza, "maji yanapoa."

Uvimbe umepungua, haujaisha, na nimeambiwa huenda usiishe. Hufunga bendeji asubuhi, kabla sijasimama. Dada, kama nawe umefanyiwa upasuaji huu na mguu unaanza kuvimba, rudi kwa daktari. Ukivimba ghafla kwa maumivu, nenda siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa damu imeganda. Kufunga bendeji kukikushinda, njoo kibandani, tutakufungia.