Barua kwa Mpwa Anayealikwa Baga Nairobi

Kwa mpwa aliyeanza chuo,

Baga ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, iliyobonyezwa ikawa bapa, ikakaangwa kwenye bamba la chuma na kuwekwa katikati ya mkate wa duara. Jina lake kamili, hamburger, humtia wasiwasi Mwislamu anayejua kwamba ham kwa Kiingereza ni paja la nguruwe. Jina halina hatia: asili yake ni Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani. Pa kuangalia ni kwenye nyongeza, hasa bekoni, kwa kuwa kuna ya ng'ombe na kuna ya nguruwe. Mteja anayemuuliza mhudumu kuhusu halali hajakosa adabu, na kuuliza kabla ya kulipa ni bora kuliko kuketi na sahani isiyolika.

Biashara yenyewe ilikulia Marekani. White Castle ilianza mwaka 1921 mjini Wichita, Kansas. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliupanga upya mkahawa wao wa San Bernardino, California: waliwaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakafupisha menyu, wakauza baga kwa senti 15. Tangu hapo mteja akazoea kujiendea dirishani, kulipa kwanza, kupokea na kuondoka. Mikahawa ya baga inayopendwa na vijana wa Nairobi imechukua utaratibu ule na kuacha haraka yake. Chakula huisha kwa dakika 15, mazungumzo huendelea saa mbili. Kijana anayekwenda huko anakwenda kwenye baraza, na adabu za baraza zinamfuata.

Kwenye foleni, menyu husomwa kabla ya zamu kufika. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya baga peke yake. Chipsi na soda huongezwa juu yake.

Suala la kuiva lina uzito kuliko ladha. Katika kipande kizima cha nyama, vijidudu hukaa zaidi juu, na moto huwaua haraka. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu huchanganywa mpaka ndani. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani hutaka baga ifikie nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na rangi peke yake haithibitishi kitu, kwani nyama inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Mteja hana kipimajoto, lakini ana ulimi: aombe iive kabisa, na ikija baridi au mbichi katikati airudishe kwa upole. Kunyamaza kwa kuogopa kuonekana mshamba kumewalaza wengi na tumbo.

Aliyelelewa Pwani amefunzwa kula kwa mkono wa kulia, na baga nene haishikiki kwa mkono mmoja. Kushoto hushikilia, kulia huongoza. Mikono huoshwa kabla, kama kwenye sinia. Karatasi haivuliwi yote. Huachwa chini ili sosi isimwagike nguoni. Anayeomba kisu aikate nusu naye hajakosea.

Penye mtihani ni kwenye malipo. Nyumbani, aliyealika ndiye mlipaji, wala hapaulizwi. Miongoni mwa wanafunzi wa Nairobi neno "twende" huenda likamaanisha kwamba kila mtu ajilipie, kwa hiyo jambo hilo huulizwa kabla ya kutoka, si mbele ya kaunta. Mara nyingi mmoja hulipa kwa M-Pesa na wengine humrudishia. Anayedaiwa atume fedha kabla ya kuinuka mezani. Deni la baga likilala siku tatu huharibu urafiki uliojengwa mwaka mzima, na mdai huona haya kulikumbusha. Rafiki akiagiza maji tu, asiulizwe sababu. Chipsi husogezwa katikati ya meza, na kila mtu huchukua bila kutangaziwa. Huo ndio ukarimu unaomstahi mtu, na nyumba aliyotoka mpwa imeuishi siku zote.

Siku isiyo na fedha, "leo sitaweza" ni jibu kamili. Halihitaji uongo wa ugonjwa wala wa mtihani, na rafiki wa kweli hatamwacha aliyelisema nje ya mazungumzo ya kesho.

Nauli ya kurudi hutengwa kabla ya kuagiza chochote, kwa kuwa matatu hupandisha nauli jioni watu wanapojaa stejini, na mvua ikinyesha hupandisha zaidi.

Mjomba,
Kibokoni, Mombasa