DAWA YA IJUMAA

Wahenga walinena kwamba hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Wanafunzi wenzangu, maneno hayo nimeyaona kwetu nyumbani.

Mama yangu anaugua baridi yabisi. Huu si ugonjwa wa wazee pekee. Kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia viungo. Asubuhi vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa, hata kufunga kifungo ni kazi.

Daktari alimpa methotreksati, tembe za kumezwa mara moja tu kwa juma. Ukizimeza kila siku, zaweza kukuua. Mama alichagua Ijumaa. Basi Jumamosi ikawa siku ya kichefuchefu na uchovu. Mdomo ukajaa vidonda, chai ya moto ikamshinda. Majirani hawakukosa la kusema: "Dada, hiyo dawa itakumaliza. Achana nayo!"

Mama hakuiacha. Alirudi kliniki akaeleza yote bila kuficha. Akaongezewa tembe za asidi ya foliki, za kumeza siku nyingine. Vidonda vikapona, kichefuchefu kikapungua. Hadi leo yeye hupimwa damu mara kwa mara, kwani dawa hii yaweza kudhuru ini na kupunguza chembechembe za damu. Akishikwa na homa hangoji kesho.

Wenzangu, kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa. Dawa ikikusumbua, usiitupe kimyakimya wala usivumilie kimyakimya. Mwambie daktari. Mficha uchi hazai.