Nani Kamloga Mdogo Wangu?

Ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda changu hapa Magomeni, Mtwara, yamo madaftari mawili ya kaunta yaliyojaa mwandiko wangu. Ni riwaya. Niliianza nikiwa kidato cha tatu, nikaimaliza mwaka mmoja baada ya matokeo ya kidato cha nne kunifungia mlango. Wenzangu wawili watatu wameisoma wakaisifu, mmoja akaniambia usiku ule hakupata usingizi. Kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa mzima, kisha akapotea huku yupo: haongei, hamtazami mtu usoni, kutwa anazungusha kifuniko cha soda. Na kuna bibi kizee, mjane, aliyetoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambaye ndiye aliyemloga. Katika sura ya mwisho wanakijiji wanamchomea nyumba.

Msomaji mwenzangu, yule mtoto sikumtunga. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Na yule bibi naye sikumtunga, na hapo ndipo penye kidonda.

Kwetu ni Msimbati, kando ya Ghuba ya Mnazi, kusini kidogo ndipo Ruvuma inapomwaga matope yake baharini. Wengine wanaijua Msimbati kwa gesi. Wengine wanaijua kwa kasa na matumbawe, maana tangu mwaka 2000 eneo lile ni hifadhi ya bahari. Mimi naijua kwa mchanga. Ukitaka kumtoa mgonjwa usiku kumpeleka mjini, mchanga ule ndio adui wako wa kwanza.

Mdogo wangu alizaliwa Novemba 2012. Bibi, mzaa mama, alimwita "mume wangu" kwa kuwa alirithi jina la marehemu babu. Nilimbeba mgongoni mpaka kanga zangu zikachakaa. Kisha ukaja usiku mmoja wa Machi 2015, mvua inanyesha kama imetumwa, homa ikampanda, macho yakageuka meupe, mwili ukakakamaa. Bibi akatamka neno moja tu: dege.

Kwa wenzangu mliozaliwa mijini nieleze. Wazee wengi wa pwani hawakuliona degedege kuwa ni malaria. Waliamini kuna dege, kitu cha usiku kama ndege au nondo, kinachompitia mtoto, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano anakufa palepale. Anatakiwa afukizwe, na moshi unaosifiwa ni wa mavi ya tembo. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo wakachapisha habari zao mwaka 1996 walikuta imani ya jinsi hiyo, kwa hiyo msidhani ni ushamba wa Wamakonde peke yetu.

Nilikuwa na miaka 13. Mama aliniambia, "Kimbia kwa yule kijana mwenye pikipiki." Bibi aliniambia, "Kimbia kwa mzee, akupe dawa ya kufukizia." Nilikimbia kwa mzee. Bibi alikuwa mkubwa kuliko mama, basi. Kulipokucha ndipo mtoto alipofikishwa kwenye zahanati, halafu mjini, dripu na sindano, siku tisa. Alirudi hai. Lakini mama alisema, na aliendelea kusema miaka yote, kwamba aliyerudi siye aliyekwenda. Aliyekwenda alikuwa anasema "mama" na "maji". Aliyerudi hakusema kitu.

Jamani, hapo ndipo mahakama ilipofunguliwa. Kila mtu alikuja na mshitakiwa wake. Shangazi zangu walisema ni ukoo wa mama, na kwetu neno hilo lina uzito, maana Mmakonde ni mtu wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye aliyeitisha kikao, wakachambua wafu wetu mmoja mmoja kumtafuta mwenye kichaa. Hawakumpata, wakahamia kwenye tabia: mtoto kabemendwa, eti mama na baba hawakuvumilia mpaka mtoto aache ziwa. Fikiria hilo linasemwa kwenye mkeka, mbele ya mama yako, na wewe unapita na sinia la mihogo! Jirani mmoja alisema ni salfa wanayopulizia mikorosho. Mwingine alisema gesi. Mwingine alikumbuka kampeni ya chanjo ya surua na rubella ya Oktoba 2014, ambayo mdogo wangu alichanjwa. Baba hakusema lolote. Alihamia Newala kwa mke mwingine, na huko nako ni kusema.

Mwisho kesi ikamwangukia bibi wa ng'ambo. Alikuwa mjane aliyevuka kutoka upande wa Msumbiji, akiuza dagaa na kusuka mikeka. Wiki kadhaa kabla ya ile homa alipita nyumbani, akampakata mdogo wangu, akamtazama sana, akamwambia mama, "Mwanangu, mtoto huyu ana macho ya mbali. Ukimwita haji." Baada ya homa maneno yale yakakumbukwa. Kumbe alikuwa anamwagia! Watoto wakaanza kuurushia mlango wake makopa ya mchanga. Na mimi nilirusha. Mwaka ule ule akapanda mtumbwi akarudi kwao, na mimi miaka michache baadaye nikamfanya mchawi kwenye daftari la kaunta na kuwasha njiti.

Mwaka 2023 daktari mmoja wa watoto hapa mjini alimtazama mdogo wangu kwa muda mrefu, akamwuliza mama maswali mengi, akatupa neno: usonji. Nikauliza, unatokana na nini? Akasema mambo mengi. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka na hayo "mambo mengi" yangu.

Mimi kazi yangu ni kuchapa na kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari. Wanachuo wanaleta makaratasi yao, nami nina ugonjwa wa kusoma kila kinachopita mikononi. Nikamwomba msichana mmoja anayesomea uuguzi anitafutie chochote kuhusu usonji. Akaniletea furushi la Kiingereza. Niliusoma mzigo ule na kamusi kwa miezi, usiku, mafuta ya taa yakiwa siyo shida tena kwa kuwa umeme tunao, shida ni Kiingereza chenyewe.

Nikamkuta Leo Kanner, daktari wa Marekani aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao nilipowasoma nilimwona mdogo wangu na kifuniko chake cha soda. Nikamkuta Bruno Bettelheim, ambaye mwaka 1967 alitoa kitabu kizima chenye kuwatupia lawama wazazi, hasa akina mama, kwamba ubaridi wao ndio unaomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi. Nilicheka peke yangu dukani. Kumbe mkeka wa mjomba ulitandikwa mpaka Chicago! Wenye vyeo na miwani nao walikaa wakamsema mama wa mtu.

Kilichombomoa Bettelheim, kwa nilivyoelewa, ni pamoja na mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Kwa mapacha wa kufanana kabisa, jozi 11, wanne walikuwa na usonji wote wawili. Kwa wasiofanana, jozi 10, hakuna hata moja. Mama ni yule yule, nyumba ile ile, chungu kile kile, ila damu imegawanywa tofauti. Tangu hapo imeonekana kwamba sehemu kubwa ya usonji inatokana na jeni, na siyo jeni moja bali mamia, nyingine zimerithiwa kwa baba au mama ambao wenyewe hawana kitu, nyingine zimebadilika upya kwenye yai au mbegu bila kumtoka mtu yeyote kwenye ukoo. Na ubongo unaanza kuchukua njia hiyo mtoto akiwa bado tumboni. Hiyo sentensi niliisoma mara tatu. Ukoo upo, ndiyo, lakini siyo ukoo wa kikao: hakuna aliyekosa.

Kuhusu chanjo, uvumi ule nao una baba yake. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walitoa makala katika jarida la Lancet, watoto 12 tu, wakaihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala ile, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Denmark waliwafuatilia watoto 657,461, wakatoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji. Na kichekesho ni hiki, kwamba rubella yenyewe, ikimpata mama mjamzito, ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kumletea mtoto usonji. Tulikuwa tunamlaumu mlinzi.

Lakini karatasi iliyonitoa jasho ilikuwa ya hapa hapa Tanzania. Raymond Mankoski na wenzake, mwaka 2006, waliandika kuhusu watoto 20 wa nchi hii, na 14 kati yao walithibitika kuwa na usonji kwa vipimo vya utafiti. Watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa, wakapata malaria kali, homa ndefu na degedege, na walipopona usonji ukaonekana. Wanne wengine ugonjwa mkali na usonji vilikaribiana, ila haikuwezekana kusema dalili hazikuwapo kabla. Saba waliobaki, homa haikuhusika.

Nilifunga duka mapema siku ile. Kama mdogo wangu ni wa wale watatu, basi mchawi namjua. Ana miaka 13, kanga kichwani, anakimbia kwenye mvua kuelekea kwa mzee.

Sikulala vizuri kwa majuma. Riwaya, wenzangu, inadai mhalifu. Hata hadithi za bibi zinadai fisi. Mimi nilikuwa nimepata mhalifu mzuri kuliko wote, mwandishi mwenyewe, na nakiri kuna sehemu ndani yangu iliyofurahi, ikaanza hata kupanga sura. Ushenzi gani huo?

Kilichonirudisha ni harusi. Januari 2014, pesa za korosho zikiwa zimetoka, binamu yangu aliolewa Msimbati kwa jenereta na mpiga video. DVD yake ilikuwa kwa shangazi, imekwaruzwa, inakwama. Niliiazima nikaiangalia kwenye kompyuta ya duka. Mdogo wangu yumo. Ana miezi 14, ameketi kwenye mkeka, anatazama feni ya jenereta. Mama anamwita kwa jina. Hageuki. Anamwita tena. Bibi anapiga makofi, "Mume wangu! Mume wangu!" Hageuki. Mara ngoma inaanza upande wa pili wa uwanja, naye anageuka mara moja kuitazama. Kwa hiyo anasikia. Ni wito wa mtu tu ambao haumfikii. Hii ni kabla ya chanjo, na zaidi ya mwaka mzima kabla ya homa.

Sisemi mtoto mmoja kwenye mkanda ni ushahidi wa mahakamani. Maneno mawili aliyokuwa nayo yalipotea kweli, na wapo watoto wenye usonji ambao maneno huwapotea hata bila homa. Inawezekana malaria ile ilimwongezea. Usiku ule ningekimbia kwenye pikipiki, na hilo halifutiki, maana kwa degedege mtoto angeweza kufa. Ila macho ya mbali alikuwa nayo tayari, na mtu mmoja tu aliyaona akayasema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani na ile DVD. Nilichelea, maana mama ameishi miaka yote hii akiushikilia usiku wa homa kama ngao: kama ni homa, basi siyo ukoo, siyo tabia yake. Nilimweleza kwanza habari za mapacha na jeni, kwa Kiswahili na Kimakonde changu kibovu, halafu nikaweka deki. Mama alijitazama akimwita mwanawe. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Alihesabu kwa vidole. "Nilimwita mara nne," akasema, "na mimi nimesahau."

Bibi alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Nilidhani hasikii. Akauliza, "Kwa hiyo siyo moshi wangu?" Sikujua kama miaka yote hiyo na yeye alikuwa na kesi yake. Nikamwambia siyo moshi, bibi, ingawa moshi haukusaidia. Akaendelea kumenya.

Mdogo wangu alikuwa nje, na kifuniko chake. Siku hizi wavuvi wakirudi anawapangia samaki kwa ukubwa kwenye turubai, hakosei hata mmoja, na wanampa wawili watatu alete nyumbani. Haongei bado.

Sura ya mwisho ya riwaya nimeichana. Sijaandika nyingine. Vita vilianza Cabo Delgado Oktoba 2017, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa, watu wakavuka Ruvuma kukimbilia kwetu. Kila nikifikiria huko ndiko tulikomsukumia yule bibi, kalamu inakuwa nzito. Sijui alivuka tena au hakuvuka. Nilimwambia mama nataka kwenda Kilambo nikaulize kwa wanaovusha watu, huenda kuna anayemjua.

"Utauliza jina gani?" akasema bibi.

Tulitazamana. Miaka yote tulimwita yule wa ng'ambo.