Ifute Sentensi Ile

Tunduma, Songwe

Mpwa wangu,

Foleni ya malori ya Zambia leo imefika Mpemba, vumbi tunalila pamoja na ugali.

Kijana wa jirani amenifungulia kwenye simu ukurasa wako wa GoFundMe wa kuchangishia bweni la wasichana. Picha ya wale mabinti na barabara nyekundu ya Mbozi imenigusa. Ila chini yake umeandika kwamba atakayechangia atapunguziwa kodi. Sentensi hiyo ifute leo.

Hela zinaingia kwenye akaunti yako wewe huko Marekani, maana GoFundMe hailipi kwenye benki za huku. Basi aliyekupa dola 50, kwa macho ya watoza kodi wa Marekani, amempa mtu zawadi. Nafuu hupewa aliyechangia taasisi ya hisani iliyoundwa na kutambuliwa hukohuko, na kwa mchango wa dola 250 kwenda juu anatakiwa awe na barua ya taasisi hiyo kukiri kupokea. Wewe huwezi kuiandika barua hiyo. Nyumbani nako Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 humpunguzia mfanyabiashara aliyetoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, tena kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kamati yetu ya bweni, ya wazee sita na kaunta buku moja, haimo humo.

Halafu huko kwenu kuna fomu 1099-K, ya kuwaripotia watoza kodi makusanyo. Kwa sheria ya Julai 2025 hutolewa makusanyo yakizidi dola 20,000 na miamala ikizidi 200, ingawa majimbo mengine yameweka viwango vya chini. Ikikufikia usishtuke, wala usiitupe kabatini. Zawadi iliyotolewa kwa moyo bila kutarajia malipo kwa kawaida si mapato, lakini atakayetakiwa kuonyesha hivyo ni wewe, kwa karatasi. Watoza kodi wenyewe wanashauri karatasi hizo uzitunze kwa miaka mitatu au zaidi.

Mimi nimekuwa wakala wa forodha mpaka mvi zikaniota. Nimeona lori la shaba likilala hapa siku nne kwa tarakimu moja iliyokosewa kwenye hati. Lakini somo langu la risiti sikulipata mpakani. Mwaka 1994 nilikuwa mweka hazina wa ujenzi wa kanisa. Sikula hata senti. Misumari niliichukua dukani bila karatasi, mafundi nikawalipa mkononi, na siku ya kusoma hesabu shilingi 86,000 hazikuwa na maelezo. Hakuna aliyenishtaki. Walinyamaza tu, kisha wakamchagua mwingine. Mpaka leo yuko mzee akiniona na shati jipya anakohoa.

Kwa hiyo mabati ya bweni nitayanunua kwenye duka lenye mashine ya risiti ya EFD; hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa. Tena karatasi ya mashine ile haipendi jua. Risiti ya saruji niliisahau juu ya dashibodi, nikaja kukuta imebaki nyeupe kama ganda la yai. Siku hizi natoa fotokopi kabla sijafika nyumbani, na picha nitakutumia. Fundi asiye na mashine atasaini kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, na asiyejua kusaini ataweka dole gumba.

Nawe kila ukituma, niandikie umekusanya kiasi gani, ukurasa umekata ngapi, kutuma kumekula ngapi, na dola siku hiyo ilibadilishwa kwa shilingi ngapi. Wachangiaji wako waonyeshwe hesabu hiyohiyo, hata yule wa dola tano. Na waliokwisha kuchanga kwa kuamini ile ahadi ya kodi, waandikie mmoja mmoja uwaombe radhi. Atakayetaka hela yake, mrudishie.

Mwenye duka ananiwekea mabati hadi Ijumaa. Sitalipa mpaka nione sentensi ile imeondoka.

Mjomba wako